Wagonjwa 14 wa skizofrenia, kituo kimoja cha afya: tunawafuatiliaje majumbani?

TabibuWaKata

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu na afya ya akili ngazi ya jamii hapa Tanzania. Kituo chetu cha afya kinahudumia kata yenye vijiji vinne. Kwenye rejesta tuna wagonjwa 14 wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta sauti zisizokuwepo na imani zisizo za kweli). Wengi walianzishiwa dawa Mirembe (hospitali ya magonjwa ya akili, Dodoma) au hospitali ya mkoa, wakarudishwa kwetu na barua ya rufaa. Tisa wako kwenye sindano ya flufenazini, dawa ya ugonjwa huu inayokaa mwilini wiki kadhaa: sita wanapata 25 mg kila wiki 4, wawili 50 mg kila wiki 4, mmoja 25 mg kila wiki 3. Watano waliobaki wanameza vidonge vya ugonjwa huohuo, haloperidoli au klopromazini.

Watumishi: tabibu mmoja, wauguzi watatu ambao hakuna aliyesomea afya ya akili, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) sita. Pikipiki ni moja na inabeba chanjo pia.

Maswali yangu:
1. Ratiba ya ufuatiliaji ipangweje ili mtu asipotee?
2. Dawa zinaisha kabla ya mzunguko kuisha ingawa tunaagiza kwa hesabu. Tunakosea wapi?
3. WAJA akifika nyumbani afanye nini hasa, zaidi ya kuuliza "unaendeleaje"?
4. Kuna mmoja amefungwa mnyororo na ndugu zake. Tuanzie wapi?

Nawasilisha.

---

DadaMuuguzi

Mkuu, anza na daftari kabla hujagusa sindano. Rejesta zetu nyingi zinaandika aliyekuja. Asiyekuja haonekani popote, mpaka aletwe amefungwa kamba. Fungua daftari la pili linalopangwa kwa tarehe ya anayetarajiwa. Kila mgonjwa apewe ukurasa wake: kitongoji, namba ya simu ya mlezi na nyingine ya jirani au balozi wa nyumba kumi, dawa na dozi, upande aliochomwa mara ya mwisho, jina la WAJA wake, na dalili tatu zinazomtangulia yeye ugonjwa unapoanza kuamka. Nasema *yeye* kwa sababu hazifanani. Mmoja hukosa usingizi usiku wa pili na wa tatu, mwingine huacha kula chakula kilichopikwa na mama yake, mwingine huanza kuvaa makoti mawili juani. Mlezi anazijua dalili hizo kuliko sisi. Muulize, ziandike kwa maneno yake.

Chagua siku moja tu ya kliniki kwa wiki, ikiwezekana siku ya gulio. Usafiri upo, nauli inagawanywa na shughuli nyingine, na hakuna anayejiuliza fulani amefuata nini kituoni. Asiyefika, mlezi apigiwe jioni ileile. Siku ya tatu WAJA awe mlangoni. Siku ya saba muuguzi aende na sindano, pikipiki iwe imeombwa mapema.

Kwa nini haraka hivyo? Flufenazini iko kwenye mafuta na inatoka mwilini polepole sana. Mtu akikosa sindano haharibikiwi kesho yake. Wiki nne, sita, nane anaonekana mzima, na mara nyingi anachangamka kuliko zamani kwa sababu uzito wa dawa umepungua. Familia inasema amepona. Ugonjwa ukiamka mwezi wa pili au wa tatu hakuna anayeuhusisha na sindano iliyorukwa, lawama zinaenda kwa mganga, kwa mke, kwa jirani. Waelezeni walezi jambo hili moja hadi waweze kulirudia wenyewe.

Kuhusu uchomaji, haya ndiyo yanayokosewa:

Sindano na bomba viwe vikavu kabisa. Tone la maji hufanya dawa iwe na ukungu. Tumia sindano ya namba 21, ndefu ya kufika msuli wa tako. Fupi inaacha mafuta kwenye shahamu na uvimbe unakaa wiki. Shika ampuli (kichupa cha dawa) mkononi dakika chache, mafuta yanalainika. Vuta ngozi pembeni kwa kidole, choma robo ya juu ya nje ya tako, vuta bomba kuangalia damu, sukuma taratibu, subiri sekunde 10, toa sindano ndipo uachie ngozi. Usisugue. Mara ijayo upande wa pili.

Mgonjwa ambaye hajawahi kupata dawa hii asianze na ampuli nzima. Kwanza ameze vidonge tujue anavivumilia, kisha apewe 12.5 mg, yaani nusu ya ampuli ya 25 mg kwa 1 ml, aangaliwe siku 4 hadi 7, ndipo upange dozi ya kudumu. Vidonge visikatwe siku ya sindano ya kwanza, kwa sababu dawa ya mafuta huchukua wiki kadhaa kutulia kwenye damu. Hapa ndipo ugonjwa wa wengi huamka tena na wakaambiwa "sindano haimfai".

Na aliyechelewa? Siku chache hadi wiki moja, mpe dozi yake ya kawaida na muangalie. Akichelewa kwa miezi, mchukulie kama anayeanza upya na umpigie mratibu wa afya ya akili wa halmashauri kabla ya kuchoma.

Jambo la mwisho. Mgonjwa mpya, au wa zamani aliyebadilika ghafla, usiandike skizofrenia kabla ya kupima joto, malaria, sukari na VVU, na kuuliza kuhusu kuumia kichwa, kifafa, gongo na bangi. Homa na kuchanganyikiwa si skizofrenia mpaka uthibitishe vinginevyo.

---

DrMpya

Nyongeza: hapo kwenye sindano kila mgonjwa apewe na Artane (triheksifenidili, dawa ya kulegeza misuli iliyokazwa na dawa za akili) ya kumeza kila siku, itazuia kukakamaa. Ndivyo tulivyokuta wodini.

---

DadaMuuguzi

Daktari, hapo naomba tutofautiane. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani hauungi mkono kumpa kila mtu Artane kama kinga. Inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo kwa wazee, inachafua kumbukumbu, na inatumika vibaya. Mgonjwa anapewa ya mwezi, baada ya wiki mbili anasema imepotea. Mpe mwenye dalili, kwa muda, kisha jaribu kuipunguza. Ukiona nusu ya wagonjwa wako wanaihitaji daima, swali la kwanza ni kama dozi za haloperidoli si kubwa mno. Wengi hukaa vizuri kwa 3 hadi 10 mg kwa siku, lakini dozi iliyowekwa wodini siku ya vurugu hunakiliwa kliniki mwaka mzima bila mtu kuuliza.

WAJA wafundishwe kutofautisha mambo matatu. Shingo kupinda, ulimi kutoka au macho kupanda juu, saa au siku chache baada ya dawa, hasa kwa vijana wa kiume: inatisha, lakini promethazini 25 hadi 50 mg kwenye msuli huilegeza, na familia iambiwe mapema kuwa si mapepo. Kutotulia, kuinuka na kukaa, kupiga hatua palepale: hii mara nyingi huitwa ugonjwa kuzidi, dozi inaongezwa, hali inazidi. Punguza dozi kwanza. Propranololi husaidia kama hana pumu. Ya tatu ni homa, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa kwa pamoja: acha dawa zote za akili, hospitali siku hiyohiyo.

---

MfamasiaWilaya

Najibu swali la 2, maana kosa liko wazi. Mnahesabu miezi 12. Sindano haifuati mwezi, inafuata wiki 4, na mwaka una mizunguko 13.

Fanyeni hivi. Sita wa 25 mg: 6 × 13 = ampuli 78. Wawili wa 50 mg wanatumia ampuli mbili kila mmoja: 2 × 2 × 13 = 52. Yule wa kila wiki 3 anachomwa mara 17 au 18, wekeni 18. Jumla 148. Kwa hesabu ya miezi 12 na kudhani wote ni wa mwezi, mngeagiza 132. Pengo ni ampuli 16, na haliangukii mwanzoni mwa mwaka, linaanguka mwishoni, wakati Bohari ya Dawa nayo inaweza kuwa haina. Juu ya 148 wekeni akiba ya robo, 37, mfike 185. Akiba hiyo ndiyo inayomhudumia anayehamia kutoka kata nyingine na anayeanza upya.

Kosa la pili liko kwenye fomu ya maombi. Kituo kikiishiwa wiki sita, matumizi yaliyoandikwa yanaonekana madogo, na oda inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Andikeni siku za kukosa dawa na mrekebishe matumizi kabla ya kutuma, la sivyo upungufu unajizaa wenyewe.

Flufenazini isiwekwe kwenye jokofu la chanjo. Kabati kavu, lenye kivuli, ndani ya boksi lake. Klopromazini pia haipendi mwanga.

Kwa vidonge, wapeni wa siku 28 na si "wa mwezi", ili tarehe zote ziangukie siku ileile ya kliniki. Anayemeza haloperidoli 5 mg mbili usiku anapata 56. WAJA akifika siku ya 14 anapaswa kukuta 28. Akikuta 40, dozi 6 hazikumezwa. Asigombe, aulize ni zipi na kwa nini.

Muangalie pia mwenye kifafa pamoja na skizofrenia. Dawa za kifafa kabamazepini na fenobabitoni hushusha kiwango cha haloperidoli mwilini, kwa hiyo mtu anaweza kumeza kila siku na bado ugonjwa ukaamka. Kabamazepini pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango.

Kuhusu gharama: magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa matibabu katika vituo vya umma. Dawa ikikosekana familia hutumwa duka la nje, na hapo ndipo msamaha unapobaki kwenye karatasi. Ukiwa na ampuli chache, usigawe nusu nusu kwa wote. Kaa na mratibu muamue nani anahamia vidonge kwa muda, na walezi waambiwe kabla, si siku wanayofika.

---

UstawiKwanza

Wenzangu wamemaliza ya dawa, nami nitasimama kwenye yanayozisaidia zifanye kazi. Dawa huzima sauti na wasiwasi kwa wengi. Haimrudishi mtu shambani, haimrudishii mke, haimfundishi tena kuoga.

Kuna ushahidi kutoka nchi zinazofanana na yetu. India, jaribio la COPSI lililotolewa 2014 lilikuwa na washiriki 282 katika maeneo matatu. Wahudumu wasio na taaluma ya tiba waliwafuata watu majumbani pamoja na huduma ya kliniki. Mafanikio yalikuwa ya kadiri, na makubwa zaidi vijijini Tamil Nadu ambako huduma nyingine zilikuwa chache. Ethiopia, jaribio la RISE wilayani Sodo liliwatumia watu wa kawaida wa jamii waliofundishwa wiki tano, wakitembelea nyumba kwa mwaka mzima. Uwezo wa kufanya kazi za kila siku uliongezeka ukilinganisha na wale waliopata huduma ya kituo peke yake. WAJA wako sita wanatosha kabisa kwa wagonjwa 14, kila mmoja wawili au watatu. Kinachokosekana kwa kawaida ni mtu wa kuwasikiliza kila baada ya wiki mbili. WAJA asiye na msimamizi huacha kwenda baada ya miezi michache, au huenda na kujaza fomu mlangoni.

Ratiba ya kuanzia: aliyetoka wodini atembelewe kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili miezi miwili inayofuata, kisha kila mwezi. Nyumbani akae nusu saa. Kwanza na mgonjwa peke yake, halafu na mlezi peke yake, halafu wote. Mlezi akiongea kwanza mbele ya mgonjwa, mgonjwa ananyamaza ziara nzima. Aulize usingizi, chakula, vidonge, mwili (mikono kutetemeka, shingo, mwendo), na jana alifanya nini tangu asubuhi. Hilo la jana ndilo swali zuri kuliko yote. "Nililala" siku tatu mfululizo ni jibu la kitabibu: dozi ni kubwa, au huzuni imeingia, au hana pa kwenda. Aulize pia waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Kila ziara iache jukumu moja dogo. Wiki hii kuchota ndoo moja asubuhi, wiki ijayo kuoga kabla ya chai, mwezi ujao kupalilia mistari miwili kabla jua halijakaza. Mwenye klopromazini avae kofia na mikono mirefu, dawa hiyo huifanya ngozi iungue. Familia nyingi hukosea pande zote mbili: kumfanyia kila kitu, au kumtaka alime ekari siku ya pili baada ya kutoka hospitali, kisha kumwita mvivu. Waelezeni kuwa kupooza kwa hamu ya kufanya kazi ni sehemu ya ugonjwa, na kwamba kelele na matusi ndani ya nyumba huharakisha kuamka kwake.

Kipato: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili usiachwe nje kwa kuwa hauonekani kwa macho. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkiwa na barua ya kituo. Kaya maskini kabisa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Kwa waganga na maombi, msigombane nao. Ghana na Nigeria, jaribio la COSIMPO lililotolewa 2020 liliwaunganisha waganga na viongozi wa dini na vituo vya afya, na dalili za wagonjwa zilipungua zaidi kuliko pale kila upande ulipofanya kivyake. Masharti yawe machache na ya wazi: asinyimwe chakula, asipigwe, asifungwe, sindano isirukwe. Mwezi wa Ramadhani, anayetaka kufunga aonane nanyi mapema. Dozi nyingi zinaweza kuhamishiwa usiku baada ya futari, na hiyo ni bora kuliko aache kimyakimya siku 30.

---

TabibuWaKata

Asanteni sana wakuu, hasa hiyo hesabu ya 13. Mambo mawili. Wanawake wawili wameacha sindano bila kutoa sababu, na vijana wawili wanakuja mara moja na kukosa mara mbili. Pia sijajibiwa vya kutosha kuhusu mnyororo.

---

DadaMuuguzi

Waulize wanawake kuhusu hedhi na maziwa, na aulize muuguzi wa kike, mlango umefungwa. Dawa hizi hupandisha homoni ya maziwa. Hedhi inakata, matiti yanatoa maziwa, mtu anadhani ana mimba au damu imeziba, au mume anadhani ana mimba isiyo yake. Pima mimba kwanza. Kama hana, mweleze chanzo, punguza dozi ikiwezekana au jadili na mratibu kuhusu dawa nyingine. Mwambie pia kwamba hedhi kukata si kinga ya mimba. Akiwa mjamzito asikatiwe dawa ghafla. Kuamka kwa ugonjwa ni hatari kwake na kwa mtoto. Dozi ya chini inayomtosha, na kliniki ya wajawazito ijue. Valproeti, dawa ya kifafa, isitumike.

Vijana wa kiume waulize kuhusu nguvu za kiume. Hawatasema wasipoulizwa, wataacha dawa. Uzito na usingizi wa mchana vinafuata. Dozi ikishushwa kidogo na ikahamishiwa usiku, wengi hurudi. Na anayekataa baada ya kueleweshwa, asidanganywe kwa dawa iliyofichwa kwenye uji. Akigundua, hatakula tena nyumbani hapo, na kama wasiwasi wake ulikuwa kwamba anawekewa sumu, umeuthibitisha.

---

UstawiKwanza

Kuhusu mnyororo. Msiende siku ya kwanza na polisi, wala kwa maneno ya kuwaita ndugu wakatili. Kaeni muulize: alifanya nini mpaka mkamfunga, mara ya mwisho lini, saa ngapi, nani alikuwepo? Mara nyingi jibu ni moto, panga, kupotelea porini au kumpiga mtoto. Hofu hiyo ni ya kweli, na mpango wenu lazima uijibu kitu kwa kitu.

Dawa ianze akiwa hapohapo, siku hiyohiyo. Utulivu huja ndani ya siku chache, lakini sauti na wasiwasi huchukua wiki. Kubalianeni tarehe ya kufungua, iandikwe, mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Msitegemee kwamba akitulia watamfungua wenyewe. Ghana, utafiti wa 2018 kwenye kambi ya maombi uliwapa wagonjwa dawa, dalili zikapungua waziwazi, lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua. Kufungua ni kazi yake peke yake na inahitaji mtu wa kuisimamia.

Anzeni na mchana, saa mbili, WAJA akiwepo. Panga, shoka na viberiti vihamishiwe kwa jirani. Ndugu wawili wapangwe kwa zamu ya usiku kwa wiki mbili za kwanza, na wawe na namba ya simu inayopokelewa usiku. Ikiwa wiki mbili zimepita hajatulia, au anakataa kula na kunywa, apelekwe hospitali yenye huduma ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina utaratibu wa kumlaza asiyeweza kuridhia, kwa hiyo mratibu ahusishwe kabla ya safari, si getini.

Kagueni kifundo cha mguu: kidonda, usaha, funza, na chanjo ya pepopunda. Aliyefungwa miezi mingi misuli imenywea na magoti yamekaza, hatasimama siku hiyo. Akalishwe, anyooshwe miguu mara tatu kwa siku, asimame akishika ukuta, ndipo atembee hadi mlangoni. Ndugu wakiona anayumba watasema dawa imempooza, waambieni mapema. Nyayo zake zimekuwa laini na pengine hana viatu, kwa hiyo siku ya kufungua mje na ndala za saizi yake.